Maswali ya Wasomaji: Bustani ya Mvua

SWALI: Ndugu Mhariri, kila inyeshapo mvua kubwa, maji ya paa letu hukimbia uani, huchimba makorongo na kusomba udongo hadi kwa jirani. Nimeshauriwa nitengeneze bustani ya mvua, lakini wenzangu nyumbani wanapinga wakidai kwamba tutajichimbia dimbwi la mbu. Je, hofu yao ina msingi? Na ichimbwe wapi, kwa ukubwa gani?

JIBU: Hofu yao ingekuwa na msingi kama bustani hiyo ingekusudiwa kutunza maji, ilhali kazi yake ni kuyanywesha ardhi. Ni shimo pana lenye kina kifupi, lililopandwa mimea, na likitengenezwa vizuri hukauka ndani ya siku moja au mbili, wakati mbu kwa kawaida huhitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora chochote, upime udongo. Chimba kishimo chenye kina cha sentimita 30, ukijaze maji, uyaache yanywee, kisha ujaze tena, kwani udongo mkavu hudanganya katika mjazo wa kwanza. Maji ya mara ya pili yakibaki baada ya saa 24, tafuta mahali pengine. Wengi huchagua pale ambapo maji tayari hutuama, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la msingi, kwa sababu kutuama kwenyewe ni dalili kwamba udongo wa hapo haunywi. Bustani iwe upande wa mteremko, angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba, na isiwe juu ya shimo la maji taka.

Ukubwa hutokana na paa. Paa la mita za mraba 50, likinyeshewa milimita 20, hutoa lita 1,000. Ukichimba kina cha sentimita 15, utahitaji karibu mita za mraba 7 ili kuzipokea zote. Kitako kiwe sawa kabisa, jambo ambalo jicho haliwezi kulithibitisha bila pimamaji, na udongo uliochimbwa ujengewe tuta upande wa chini. Katika tuta hilo acha upenyo uliotandazwa mawe, ili mvua inayozidi hesabu yako itoke bila kuelekea kwa jirani. Panga mawe pia pale maji yanapoingilia.

Kuhusu mimea, usipande ile ya kinamasi, kwa maana bustani hii hukaa kavu siku nyingi kuliko inavyolowa. Chagua mimea ya asili ya eneo lako yenye mizizi mirefu: katikati ile inayovumilia mafuriko ya siku moja na ukame pia, na kandokando ile ya nchi kavu. Imwagilie hadi ishike.

SWALI: Udongo wetu ni wa mfinyanzi. Je, nichanganye mchanga?

JIBU: Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi huweza kuufanya mgumu zaidi. Changanya mboji kwa wingi, epuka kuukanyaga ukiwa umelowa, na uifanye bustani iwe pana zaidi na yenye kina kifupi zaidi. Hata hivyo, kishimo cha majaribio kikishindwa kukauka kwa siku moja, ni heri kuyakinga maji hayo kwenye tangi.