Sebule yetu, jirani yetu, na imani ya siku za kazi

Alhamisi ya kwanza ya kanisa letu la nyumbani tulikutana watu saba. Viti nilikuwa nimevipanga mistari miwili, vyote vikitazama meza ndogo yenye Biblia. Mume wangu alisimama nyuma ya ile meza akahubiri dakika 40. Tukaimba, tukaomba, tukapeana mikono, watu wakaenda zao. Tuliendelea hivyo miezi mitatu. Kulikuwa na dada mmoja aliyependa kukaa karibu na dirisha, mpole, hakosi hata siku moja. Ndoa yake ilikuwa inavunjika muda wote ule, na sisi tuliokuwa tunaomba naye kila wiki tulikuja kuzisikia habari hizo kwa watu wa nje.

Nililia sana siku ile. Nilijiuliza alikuwa anakuja kwetu kutafuta nini, na kwa nini hakukuta nafasi ya kukisema.

Sasa tuko mwaka wa saba. Wapendwa kadhaa wameniomba niwaeleze namna ya kuanza kanisa la nyumbani, na karibu wote wanaanza na hofu ileile: mimi si mchungaji, sijasomea Neno, nitawafundisha nini watu? Nawaambia kwamba hofu hiyo inatokana na kudhani nyumba inatakiwa iwe nakala ndogo ya ibada ya Jumapili. Kanisani tunakwenda kulisikia Neno likihubiriwa. Nyumbani watu wanatuona tukijaribu kuliishi, na wanatuona pia tunaposhindwa. Mtu akishaona hivyo kwa macho yake, imani inaanza kumgusa.

Mtu asiyejiamini kufundisha namsimulia habari za Susanna Wesley. Mumewe alikuwa mchungaji wa Epworth, Uingereza, na majira ya baridi ya kuingia mwaka 1712 alikuwa London kwa shughuli za kanisa. Susanna alibaki na watoto na watumishi wa nyumba, akawa anawakusanya Jumapili jioni, wanaomba, naye anawasomea hotuba nzuri zilizokuwa kwenye vitabu vya mumewe. Majirani wakasikia, wakaomba waingie. Ikafika watu kama 200 kwenye nyumba ile, wengine wakikosa hata pa kusimama. Hakuwa anatunga mahubiri. Alikuwa anasoma kwa sauti kilichokwisha andikwa, akiwa amezungukwa na watoto wake.

Na ukilisoma Agano Jipya huku ukijiuliza kila mara "hapa wako nyumbani kwa nani?", utaona mengi. Prisila na Akila walikuwa mafundi wa kushona mahema, na kanisa lilikuwa nyumbani mwao. Paulo na Sila walipotoka gerezani Filipi walikwenda moja kwa moja kwa Lidia, muuza nguo za zambarau, na ndugu wakawa wako huko. Nimfa anasalimiwa pamoja na kanisa lililo katika nyumba yake.

Lakini ninayemrudia mara nyingi ni Filemoni. Ile barua tunaiita barua kwa Filemoni, na ukitazama mistari ya mwanzo utakuta imeelekezwa pia kwa Afia, kwa Arkipo, na kwa kanisa lililo katika nyumba yake. Tafakari hilo. Shauri lenyewe ni la ndani kabisa: Onesimo, mtumwa aliyeondoka kwa bwana wake, sasa anarudishwa, na Paulo anaomba apokewe kama ndugu mpendwa. Angeweza kumwandikia Filemoni peke yake, akamwachia heshima yake mbele za watu. Badala yake akaandika kwa namna ambayo watu wanaokaa sebuleni kwa Filemoni na kuomba pamoja naye watajua ameombwa nini, na wataona atafanya nini. Mwenye nyumba alipimwa imani mbele ya wageni wake. Hilo ndilo linalofanya kanisa la nyumbani liwe zito kuliko linavyoonekana. Ukifungua mlango, unafungua na jinsi unavyowatendea watu wa nyumbani mwako.

Hilo nililijua kwa maumivu. Ilikuwa karibu saa moja jioni, watu wako njiani, nyumba bado haijakaa sawa. Binti yangu, akiwa na miaka tisa, alimwaga maji kwenye zulia nililokuwa nimetoka kulifuta. Nilimfokea maneno ambayo sitayaandika hapa. Alichukua kitambaa akapangusa bila kusema neno, kisha akaenda kukaa kwenye kona, magoti kifuani. Mlango ukabishwa nami nikaufungua nikiwa na tabasamu. "Karibuni, karibuni, Bwana asifiwe!"

Tulipofika wakati wa mahitaji ya maombi, ilikuja zamu yangu. Nilikuwa nimeandaa jambo la kusema kuhusu kazi. Nikamwona yule mtoto kwenye kona bado ameshika kile kitambaa kilicholowa. Maneno ya kazi yakanikauka mdomoni. Nikawaeleza wote nilichomwambia nusu saa iliyopita, kisha nikamgeukia nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Naomba unisamehe." Akaja akaketi mapajani pangu. Hakuna aliyeharakisha kuomba. Baada ya kitambo mzee mmoja akasema kwamba ana mwanawe ambaye hawajazungumza miaka minne, na hakuwa amewahi kututajia kwamba ana mtoto huyo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilidhani naelewa maana yake mpaka jioni ile.

Usiku ule kulikuwa na jirani yetu mmoja. Hakuwa muumini, na hakuwa amealikwa kwenye maombi. Alikuja kurudisha ngazi aliyokuwa ameazima, akakuta viti vimejaa, mume wangu akamwambia aketi kidogo. Aliketi karibu na mlango akasikiliza. Hatukumwuliza kama ameokoka. Hatukumpa karatasi ya kuandika jina. Wiki iliyofuata akaja tena bila ngazi. Ilipita karibu mwaka mzima kabla hajaniambia kilichomrudisha: hakuwahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha mbele za watu, na alitaka kujua nimepata wapi ujasiri huo. Ndipo nikamweleza habari za Yesu, kwa kirefu, kwa sababu aliuliza.

Petro anasema tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu anayetuuliza habari za tumaini lililo ndani yetu, na kwamba tujibu kwa upole na kwa hofu. Wengi tunajiandaa majibu. Lakini andiko lenyewe linachukulia kwamba kuna mtu ameuliza. Ikiwa miaka inapita na hakuna jirani wala mfanyakazi mwenzako aliyekuuliza lolote, usiongeze kasi ya kuhubiri. Tazama kwanza kama kuna kitu katika maisha yako ambacho anaweza kukiona akakishangaa.

Basi tulibadilisha nini? Viti tulivirudisha mahali pake pa kila siku, wengine wakakaa chini. Mahubiri tuliyaacha. Tunasoma kifungu kimoja kifupi, mara mbili, wasomaji wawili tofauti, kisha tunazungumza: tunaona nini hapa kumhusu Mungu, na kesho asubuhi nitafanya nini kwa sababu ya neno hili. Anayeongoza kazi yake ni kuuliza na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Watu wanahitaji muda wa kukusanya ujasiri, na wewe ukiujaza ukimya kwa maelezo yako, umemnyang'anya mtu zamu yake.

Kabla ya kufungua Biblia, kila mtu anajibu swali moja: tangu tulipoachana wiki iliyopita, lile ulilosema utafanya lilikwendaje? Mmoja aliahidi kurudisha fedha alizochukua kazini. Mwingine aliahidi kumpigia dada yake simu. Wiki hii anasema alishindwa, tunamwombea, wiki ijayo anaulizwa tena bila kukemewa. Hapo ndipo imani inapotoka kwenye midomo na kwenda kwenye Jumatatu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1742, huko Bristol, Uingereza, watu wa John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, mtoto wa yule Susanna, walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Likatolewa wazo kwamba kila mtu atoe peni moja kwa juma, na wagawanywe vikundi vya watu kama 12, kila kikundi na mtu wa kukizungukia na kukusanya. Waliopita nyumba kwa nyumba kukusanya peni walikuta mambo ambayo hayakuonekana kwenye ibada: huyu anagombana na mkewe, yule amelewa. Wakamrudishia Wesley taarifa. Naye akaona kwamba hiki ndicho walichokuwa wanakikosa siku zote, mtu wa karibu wa kuuliza habari za nafsi ya mwenzake. Baadaye badala ya kuzungukiwa majumbani, kila kikundi kikawa kinakutana pamoja kila wiki.

Lakini uwazi wa namna hii una hatari yake, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko pengine pote. Mwaka wetu wa tatu kijana mmoja alitueleza kuhusu mkopo aliouchukua kwa siri na kuupoteza kwenye kamari. Alilia mbele yetu. Siku nne baadaye watu wa familia ya mchumba wake walikuwa wanalijua lote. Mmoja wetu alikuwa amelisema mahali kama "ombi la maombi", na naamini hakukusudia ubaya. Yule kijana hakurudi. Tulikwenda kwake mara mbili kuomba radhi. Alitupokea kwa adabu, akatusindikiza hadi nje, na ndiyo ikawa mwisho.

Tangu hapo kila mgeni anaambiwa waziwazi siku yake ya kwanza: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, hata kwa mwenzi wako, hata kwa mchungaji, isipokuwa mwenyewe akuruhusu. Na tunasema palepale ni nini hatutakificha: mtoto anayeumizwa, mtu anayepigwa, mtu anayetaka kujidhuru. Hayo tutayapeleka kwa wanaoweza kumlinda. Yakobo ametuagiza kuungamiana dhambi na kuombeana tupate kuponywa. Tukiligeuza ungamo la ndugu kuwa habari ya mtaani, tumemjeruhi kwa kutumia agizo la uponyaji. Kwa sababu hiyohiyo hatutaji majina wala mambo ya mtu kwenye kundi la simu. Pale tunaandika saa ya kukutana tu.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Saa moja na nusu inatosha, na anayetaka kuondoka aondoke bila kuombwa sababu. Mwarifu mchungaji wako kabla hujaanza, umwalike aje aone. Kundi linalojificha kwa kanisa lake huishia kuwa kundi la mtu mmoja. Sadaka hatukusanyi. Ndugu akiwa na shida tunachanga waziwazi, wawili wanahesabu, anapelekewa siku hiyohiyo. Watoto wanakaa nasi mwanzoni, wanaomba na wao, na wakienda chumba kingine wanakwenda na watu wazima wawili, mlango wazi. Nyumba isisafishwe kupita kiasi. Siku ukiwa mgonjwa au umechoka, sema, mkutane kwingine.

Na kundi likikua, ligawe. Sisi tulichelewa kwa sababu ya kupendana. Tulifika 19, na nikaanza kuona dalili zilezile za miezi mitatu ya kwanza: wanaozungumza ni watano walewale, wengine wanatikisa vichwa. Mtu anaweza kujificha ndani ya watu 19 vizuri kabisa, kama yule dada wa dirishani. (Alirudi, nimshukuru Mungu. Ndoa haikupona, ila yeye yupo, na huwa ndiye wa kwanza kumsogelea mgeni aliyenyamaza.) Kugawana kulitutoa machozi, wengine walisema tunavunja familia. Niliwaelewa, na bado naamini tungefanya mapema zaidi.

Kundi la pili linakutana nyumbani kwa yule jirani wa ngazi. Alibatizwa miaka miwili iliyopita. Usiku wa kuamkia mkutano wake wa kwanza alinipigia simu, saa nne imeshapita, sauti ina wasiwasi. Alikuwa amesimama sebuleni kwake hajui avipange vipi viti, na watoto walikuwa wamechora ukuta kwa kalamu na rangi haitoki.

Nikamwambia viti aviache vilivyo, na ukuta auache pia, akalale.