“Kuainisha upya” au “kushusha hadhi”?

SWALI: Katika habari niliyokuwa nikiihariri, mwandishi ameandika kwamba Pluto, iliyohesabiwa zamani kuwa sayari kamili, “ilibadilishwa kuwa sayari kibete”. Mwenzangu anataka “ilishushwa hadhi”, mimi naona “iliainishwa upya”. Nani yuko sahihi?

JIBU: Uko sahihi wewe, na tofauti hiyo si ndogo.

Tuanze na kitenzi cha mwandishi. Ukisema kitu kimebadilishwa kuwa kingine, msomaji anaelewa kwamba kitu chenyewe kimegeuka: shamba limebadilishwa kuwa uwanja, chumba kimebadilishwa kuwa ofisi. Sasa, tarehe 24 Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipopitisha fasili mpya ya sayari, Pluto haikupungua wala kuhama njia yake. Kilichobadilika ni kundi ambamo wataalamu wanaiweka. Kazi hiyo ndiyo ya kuainisha: kukipa kitu aina yake. Neno aina limo humohumo ndani ya kitenzi, na “upya” linaeleza kwamba mpango wa awali umewekwa kando. Usiandike “kuainisha tena” hapo, maana anayeainisha tena huenda anarudia kazi ileile na kupata jibu lilelile.

“Kushusha hadhi” kunaeleweka, na magazeti yanaupenda msemo huo kwa sababu una mshindo. Lakini unabeba hukumu ambayo uamuzi wenyewe haukuitoa. Tazama panda mkubwa, yule dubu wa China mwenye rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 2016 shirika la uhifadhi la IUCN lilimtoa katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka na kumweka katika kundi la hatari nafuu kidogo. Je, alipandishwa au alishushwa? Kwa ngazi za hatari ameshuka, ilhali habari ni njema. Ukiandika “ameshushwa hadhi” utamsikitisha msomaji bure. “Ameainishwa upya” hakumpotoshi mtu. Hadhi ipande au ishuke pale ambapo kweli kuna vyeo: kituo cha afya kikifanywa hospitali, kimepandishwa hadhi, na hakuna neno bora kuliko hilo.

Kuhusu kiunganishi, mimi hupendelea “kuwa”: iliainishwa upya kuwa sayari kibete. “Kama” hutumika sana na siwezi kuliita kosa, ila katika maandishi rasmi linaacha mlango wa ulinganisho wazi, kana kwamba Pluto inafanana tu na sayari kibete.

Tena, mtaje aliyeamua. Uainishaji rasmi una mwenyewe, na sentensi isiyomtaja humwacha msomaji akijiuliza ni nani kasema.

Jambo la mwisho, kwa kuwa wewe ni mhariri: usikubali “tarehe iliyoainishwa kwenye barua”. Barua haikuipanga tarehe hiyo katika aina yoyote, imeitaja tu. Andika “iliyotajwa”, au “iliyobainishwa” ikiwa imewekwa wazi kwa makusudi.