Jibu: Gamba kwenye sheli, ni kombe au brakiopodi?

Ndugu, umeuliza kama gamba ulilolikuta kwenye mwamba wa sheli (matope yaliyogandamana kuwa jiwe la matabaka membamba) ni la kombe. Kwa kuwa umesema nusu yake ya kulia inalingana kabisa na ya kushoto, mimi naliona ni brakiopodi, mnyama wa baharini mwenye magamba mawili kama kombe, ila wa jamii nyingine. Gamba moja la kombe kwa kawaida huegemea upande, nusu zake hazilingani. Kinacholingana ni gamba na mwenzake. Ila sheli hubanwa sana, umbo huweza kupindika, kwa hiyo mulika tochi kwa ubavu utafute tundu dogo penye ncha, palipotokea kikonyo cha kujishikiza. Vile visahani vyenye tundu katikati ulivyovitaja pia ni vipande vya shina la krinoidi, jamaa ya kiti cha pweza. Tafadhali usiviloweke! Sheli hubomoka upesi. Tumia brashi laini, kavu.