Kompyuta za workgroup, orodha inagoma

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko IT kwenye shule ya sekondari Morogoro, peke yangu, na mkuu anataka orodha ya kompyuta zote, RAM, diski, Windows gani, siriali namba. Hatuna domeni (seva moja inayosimamia mashine na akaunti zote), kila mashine iko kivyake. Programu ya kuskani inaziona IP zote ila taarifa za ndani haivuti, nyingine inaleta 0x800706BA, nyingine 0x80070005, na paswedi ya admin ni sahihi kabisa, nikikaa kwenye mashine yenyewe inakubali. Shida nini?

JIBU: Salama mdogo wangu. Paswedi yako haina tatizo, hapo una shida mbili tofauti na watu wengi huzichanganya.

Hiyo ya 0x800706BA mara nyingi ni faiawoli tu. Mashine ukiiacha mtandao wake kwenye Public inajifungia, kwa hiyo weka Private halafu ruhusu WMI (njia ya Windows ya kutoa taarifa za mashine) kwenye faiawoli, na uruhusu ile sheria yake nzima, maana wengine wanafungua poti 135 peke yake wanashangaa bado imegoma, kumbe 135 ni ya kubisha hodi tu, mazungumzo yenyewe yanahamia poti za juu huko, 49152 mpaka 65535.

Hiyo ya 0x80070005 ni UAC, ule ulinzi wa Windows unaobana mamlaka ya admin. Tangu enzi za Vista, admin wa ndani ya mashine akija kwa njia ya mtandao Windows inamvua uadmin wake mlangoni, ndo maana ukikaa hapo hapo inakubali ukiwa mbali inakataa. Dawa yake iko kwenye rejistri, HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, tengeneza DWORD (thamani ya namba) inaitwa LocalAccountTokenFilterPolicy uipe 1. Na yuza muandike na jina la mashine yake, mfano LAB07\kagua. Akaunti isiyo na paswedi usihangaike nayo, kwa mtandao haiingii.

Sasa mimi binafsi nisingefanya hivyo. Kwanza itabidi uzungukie kila mashine, pili utakuwa umeacha admin mmoja mwenye paswedi moja shule nzima na umemlegezea ulinzi, yaani mwanafunzi mjanja akiipata ya maabara kaipata na ya mhasibu. Kama kuzunguka ni lazima, zunguka na flash yenye agenti (programu ndogo ya kukusanya taarifa) ya GLPI au OCS Inventory, mifumo ya kuorodhesha kompyuta, zote bure, seva yake weka kwenye PC ya zamani yenye Linux. Agenti inakaa ndani ya mashine na inatuma yenyewe taarifa kwa seva, hufungui poti yoyote kwenye mashine za watu, na laptop iliyoenda nyumbani na mwalimu ikirudi inajiripoti. Laptop zao binafsi lakini usiziguse bila kuwauliza.

Siriali utaipata pia kwa PowerShell (dirisha la amri la Windows), andika Get-CimInstance Win32_BIOS, ila kwenye zile desktop za kuunga utakuta imeandikwa "To be filled by O.E.M.", mashine kumi jibu lile lile, hizo bandika stika yenye namba ya shule. Na zenye Windows 10 zitie alama kabisa, sapoti yake iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, mkuu atakuuliza bajeti.

Printa na swichi hazipokei agenti, hizo zivute kwa SNMP, lugha ya mtandao ya kuuliza vifaa taarifa zake.