Hiyo nyumba hukuijenga peke yako, kaka

Marahaba mdogo wangu. Wasomaji nawafupishia barua: kaka yupo Mbagala, ndoa ya miaka 14, watoto watatu. Mkewe kaenda baraza la kata, anataka talaka, sehemu ya nyumba na matunzo ya watoto. Kaka anasema anaonewa, mke alikuwa golikipa tu, yaani mama wa nyumbani, hajaleta hata mia, wanawake wanadai haki sawa ila ikifika kwenye hela haki sawa hawaitaki. Na anauliza, ahamishe hati ya nyumba iende jina la mama yake kabla kesi haijafika mahakamani?

Pole, ndoa kuvunjika kunauma. Ila barua yako mwenyewe imekusuta.

Umeandika mke hajawahi kufanya kazi. Huko mbele unasema ukienda Tunduma kufuata mzigo yeye ndo alikuwa anakaa dukani, tena na mtoto mgongoni. Unasema nyumba ilipokwama kwenye lenta alitoa hela yake ya mchezo, ule wa kuchangishana kwa zamu, mkanunua nondo. Hivi golikipa hela ya mchezo anatoa wapi? Kwenye zile barafu zake za kuuza, si umelalamika kabisa kwamba zilikuwa zinajaza friji mpaka unakosa maji baridi! Na saluni aliacha kwa sababu wewe ulisema hutaki mke anayerudi saa mbili usiku. Yani umemwachisha kazi mwenyewe, leo unamwambia hana kazi. Huyo binti "anayenisaidia dukani" sikuulizi, ila kila ukurasa yumo.

Sasa sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 114 kinasema mahakama ikigawa mali iangalie mchango wa kila mmoja, wa hela, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwahiyo kupika, kufua, kulea, vyote vinahesabika. Haina maana ni nusu kwa nusu moja kwa moja, hapana, kila mmoja anaeleza alichoweka na hakimu anapima, nawe utasikilizwa.

Hati usiiguse. Nyumba ya familia huwezi kuuza wala kumpa mtu zawadi bila ridhaa ya mke wakati ndoa bado ipo, kifungu cha 59 hicho. Ukimwandikisha mama yako unamtia mzee wa watu kwenye kesi, atasimama kizimbani aseme nini? Njia ya mwongo fupi.

Hoja yako moja naikubali tena kwa moyo. Sheria hiyohiyo inamtaka mume amtunze mke, ila mke anatakiwa kumtunza mume pale tu ambapo mwanaume hawezi kujitafutia sababu ya ugonjwa au kuumia, na yeye awe na uwezo. Siku hizi kuna wanawake mishahara yao inawazidi waume zao mbali, naona hapo pabadilishwe, mwenye nacho amtunze asiye nacho, awe ke awe me. Lakini kwenu nyie mwenye duka ni nani?

Na hawa vijana wa kataa ndoa wanaodhani wakizaa bila kuoa wamekwepa, wanajidanganya. Mtoto anatunzwa na baba hata kama hukuoa, na mkiishi kama mke na mume miaka miwili na zaidi mahakama inaweza kuchukulia ni ndoa, mali mlizochuma zikaingia kwenye mgao. Ndoa za siku hizi watu wanakaa miaka hata bei ya kiwanja mwenzio haijui, hela ni siri, mkigombana ndo kila mtu anatafuta risiti. Kaeni mezani mngali mnapendana, mwambiane nani ameacha nini kwa ajili ya nani.

Wewe nenda barazani na daftari za duka zote, usifiche hata moja, na useme ukweli wa nondo na saluni, mkielewana pale, hata mgao mahakamani unaweza kwisha kwa amani. Na ile hela ya tuisheni uliyoikata mpaka mama yao afute kesi, itume leo, watoto hawajakushtaki.