Shuka taratibu: ushauri kwa anayetaka kurudisha nguvu za misuli

Msuli hausukumi, unavuta tu. Unaposukuma mlango mzito, msuli wa nyuma ya mkono unavuta ncha ya mfupa kwenye kiwiko ili mkono unyooke, na misuli ya kifua inavuta mfupa wa juu wa mkono uje mbele. Mlango umesukumwa, lakini ndani ya mwili kila kilichofanya kazi kimevuta. Ninaanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililonifungua macho nilipokuwa najifunza upya kutembea, na mengi ninayowashauri watu kuhusu mazoezi yanatokana nalo.

Nilivunjika mguu chini kidogo ya goti. Siku hogo lilipofunguliwa, paja la mguu ule lilikuwa limenywea mno. Mtaalamu wa fiziotherapia akaniambia nilikaze. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, na paja halikutikisika. Nikamuuliza kama msuli umekufa. Akasema hapana: goti likiwa limevimba, uti wa mgongo hupunguza ishara zinazokwenda kwenye msuli wa mbele wa paja, hata mwenye mguu aking'ang'ana vipi. Akaweka vidole juu ya goti langu, akaniambia nitazame hapo na nijaribu tena, polepole, mara nyingi kwa siku. Hapo ndipo nilipoanza kumsumbua kwa maswali, na kila jibu lilibadilisha namna nilivyofanya zoezi la kesho yake.

Kwanza, msuli umejengwaje? Msuli mzima umefunikwa na utando. Ndani yake mna mafungu, kila fungu na utando wake, na tando hizi zinapofika mwishoni huungana na kano, ile kamba nyeupe ngumu inayoshika mfupa. Ndani ya fungu mna nyuzi, na kila uzi ni seli moja. Ni seli ya ajabu: unene wake ni mikromita 10 hadi 100 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali urefu wake unaweza kuwa sentimita nyingi, na ina viini vingi badala ya kimoja. Mtu mzima anapofanya mazoezi, idadi ya nyuzi haibadiliki sana. Kinachoongezeka hasa ni unene wa zile alizonazo.

Uzi nao umejaa vijiuzi vilivyolala sambamba, na kila kijiuzi kimegawanyika katika vipande vifupi vilivyofuatana toka ncha hadi ncha. Kipande kimoja huitwa sarkomia. Msuli ukiwa umetulia, sarkomia ina urefu wa kama mikromita 2.5, kwa hiyo katika milimita 1 ya uzi hujipanga takriban 400. Kazi yote inafanyika humu. Kila sarkomia ina nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini, zilizoshikizwa kwenye kuta za pande mbili, na katikati zimelala nyuzi nene za miosini. Protini nyingine, titini, ambayo ni kubwa kuliko protini zote zinazojulikana mwilini, huzishika zile nene zisihame katikati na huurudisha msuli ukivutwa kupita kiasi.

Zamani wanasayansi wengi walidhani protini zenyewe ndizo zinazojikunja msuli unapofupika. Mwaka 1954 makundi mawili yalichapisha matokeo yao katika toleo moja la jarida la Nature: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, kisha Hugh Huxley na Jean Hanson (Huxley hawa wawili hawakuwa na undugu). Walichoona ni kwamba nyuzi nene hazibadiliki urefu. Nyembamba huteleza katikati ya zile nene, kuta zikakaribiana, na msuli ukafupika. Miosini ina vichwa vidogo vinavyochomoza. Kichwa hushika aktini, huinama na kuivuta kwa nanomita 5 hadi 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita), huachia, hurudi nyuma na kushika mbele zaidi. Wafikirie watu wanaovuta kamba ya nanga mkono kwa mkono: hawavuti kwa mpigo mmoja, na wakati wowote wapo walioshika na wapo walioachia, ndiyo maana kamba hairudi.

Kuna jaribio ambalo unaweza kulifanya hapo ulipo. Kunja kiganja chako kielekee ndani kabisa, halafu jaribu kukaza ngumi. Utaiona ngumi imelegea. Misuli mikubwa inayokunja vidole iko kwenye mkono, juu ya kiganja, na kwa kukunja kiganja umekwisha kuifupisha: aktini na miosini zimepishana mno, na nafasi ya kuvuta imebaki kidogo. Sasa nyoosha kiganja, ukilaze nyuma kidogo, ukaze tena. Nguvu imerudi. Kila msuli una urefu wa katikati ambapo vichwa vingi zaidi vinapata pa kushika. Kwa hiyo usijihukumu kwa nguvu za pembe moja ya kiungo, na usifanye zoezi katika pembe moja tu. Mimi nilikuwa na nguvu goti likiwa limekunjwa nusu, lakini digrii chache za mwisho kabla ya mguu kunyooka kabisa ndizo zilizonitoa jasho, na ndizo zilizonirudishia mwendo.

Vichwa hivi haviachwi vishike ovyo. Ishara ikishuka kwenye mshipa wa fahamu, ncha ya mshipa humwaga asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye msuli, wimbi la umeme hupita juu ya uzi na kuzama ndani, na ghala lililomo ndani ya uzi hufungua kalsiamu. Kalsiamu hujibandika kwenye protini iitwayo troponini, nayo huisogeza protini nyingine, tropomiosini, iliyokuwa imeziba mahali pa kushika kwenye aktini. Ishara ikikoma, kalsiamu hurudishwa ghalani kwa pampu. Pampu hiyo hula nishati ya ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na kichwa cha miosini nacho hakiwezi kuachia aktini bila kupata ATP mpya. Hebu litafakari hilo. Tumezoea kudhani kukaza ndiko kunakogharimu na kulegea ni bure, kumbe kulegea nako kuna gharama yake. Ndiyo sababu maiti hukakamaa saa chache baada ya kifo: ATP imekwisha na vichwa vimebaki vimeng'ang'ania, mpaka protini zenyewe zianze kuharibika.

Kwa anayefanya mazoezi, maana yake ni kwamba kupumzika kati ya awamu moja na nyingine ni sehemu ya zoezi. ATP iliyopo tayari kwenye msuli inatosha kwa sekunde chache tu za kazi kali. Kriatini fosfati, akiba nyingine ya nishati iliyomo kwenye msuli, huijaza upya kwa sekunde kama 10, kisha msuli unategemea kuvunja sukari, na kwa kazi ya muda mrefu unahitaji oksijeni. Akiba ya kriatini hurudi kwa dakika, si kwa sekunde. Ukifanya zoezi zito, kaa dakika 2 au 3 ndipo urudie. Anayeunganisha awamu bila pumziko akidhani anajikomaza, mara nyingi anachofanya ni kurudia zoezi kwa mkao mbaya.

Sasa nifike kwenye lile ninalolisisitiza kuliko yote: kushuka. Unapokaa kitini polepole, msuli wa mbele wa paja unakaza huku ukirefuka. Vichwa vya miosini vimeshika, lakini uzito wako unavivuta kinyume na vinaachia kwa kulazimishwa. Katika hali hii msuli hubeba mzigo mkubwa kuliko ule unaoweza kuuinua, na hutumia nishati kidogo zaidi. Kwa mtu dhaifu hii ni baraka kubwa. Nilipokuwa siwezi kusimama kutoka kitini bila kujisaidia kwa mikono, niliweza kukaa bila mikono, nikihesabu taratibu hadi nne. Nikawa nasimama kwa msaada na kukaa bila msaada, hadi kusimama nako kukawezekana. Wengi hufanya kinyume: hujikaza kunyanyua, kisha hujibwaga. Kwa kujibwaga wanatupa nusu iliyo bora ya zoezi.

Kushuka huku ndiko pia kunakoleta maumivu ya kesho yake. Baadhi ya sarkomia huvutwa kupita kiasi na kupata majeraha madogo, mwili huleta uvimbe wa kutengeneza, na maumivu hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Si asidi ya laktiki kama inavyosemwa kila mahali. Laktiki huondoka kwenye damu katika muda wa saa moja au mbili, muda mrefu kabla hujaamka na kulalamika. Ukirudia zoezi lilelile baada ya siku chache, maumivu hupungua sana, kwa kuwa msuli umekwisha kujiandaa. Basi anza kwa kidogo kuliko unavyodhani unaweza, na usikimbie kwa sababu ya maumivu ya mara ya kwanza.

Matengenezo yanategemea seli za akiba zilizolala pembeni mwa kila uzi, ambazo Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961. Zinahitaji protini ya kutosha, usingizi na muda. Usiutwishe msuli uleule mzigo mzito siku mbili mfululizo.

Watu hukata tamaa mapema kwa sababu hawaoni paja likinenepa. Katika wiki za kwanza nguvu huongezeka bila msuli kukua, kwani kinachobadilika ni mishipa ya fahamu. Mshipa mmoja husimamia kundi la nyuzi: kwenye misuli ya jicho ni nyuzi chache tu, kwenye shavu la mguu zinaweza kupita 1,000. Mwili huita makundi madogo kwanza, na makubwa huitwa pale tu mzigo unapodai. Mazoezi hufundisha kuyaita mengi zaidi na kwa kasi zaidi. Pima kwa unachoweza kufanya, usipime kwa kioo. Andika ulisimama kitini mara ngapi ndani ya sekunde 30, ulinganishe baada ya wiki tatu.

Na kama una mzazi au babu aliyeanza kuogopa ngazi, tafadhali usimwambie akae apumzike. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti Marekani uliohusu wazee wa miaka 90 hivi waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa wiki 8 za mazoezi mazito ya miguu chini ya uangalizi, nguvu za waliomaliza ziliongezeka zaidi ya maradufu. Nyuzi zao zilikuwa bado zinasikia. Kinachotakiwa kwao ni kiti imara, mtu wa kusimama karibu, na idhini ya daktari kama wana ugonjwa wa moyo.

Yapo maumivu yasiyo ya kuvumilia. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia baada ya zoezi kali, nenda hospitali siku hiyohiyo. Msuli ulioharibika sana humwaga mioglobini, protini ya ndani ya msuli, kwenye damu, na figo zinaweza kuumia. Shavu moja la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma, hasa baada ya kulala kitandani kwa muda mrefu au kufunguliwa hogo, huenda ni damu iliyoganda, kwa hiyo usilikande wala usilinyooshe, wahi hospitali. Na udhaifu unaokuja ghafla upande mmoja wa mwili si wa msuli, ni dharura ya ubongo. Ukifika kwa daktari, mweleze ulifanya zoezi gani, lini, na dawa unazotumia, maana zipo dawa, zikiwemo baadhi za kushusha kolesteroli, ambazo kwa watumiaji wachache huumiza misuli.