Fundi kasema nizime antivairasi kwanza

SWALI: Windows ya laptop yangu ilikuwa inadai kuamilishwa. Fundi akazima antivairasi, akaniwekea KMSPico (kreki, yaani programu ya kuamilisha Windows bila leseni) kutoka kwenye fleshi yake, ikakubali. Nilipowasha antivairasi ikaniletea onyo la HackTool, yaani zana ya udukuzi. Fundi anasema ni kawaida, haipendi kreki tu. Kweli?

JIBU: Jibu la fundi wako nalisikia kila wiki, na limenichosha. Nusu yake ni kweli: antivairasi hupiga kelele hata kwa kreki isiyobeba kitu kingine. Ila mtaitofautishaje hiyo na yenye mwizi ndani, wakati mlinzi mmeshamfukuza mlangoni?

Hilo la "ikakubali" nalo halithibitishi chochote. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza kuhusu KMSPico zilizobebeshwa Cryptbot, inayokomba nywila za kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. KMSPico yenyewe ilikuwa inawekwa vilevile, ili mwenye mashine asishtuke.

Kwa hiyo badilisha nywila zako leo, kwa kutumia simu, ukianza na barua pepe. Nakili hati na picha tu, kisha futa diski yote na uweke Windows upya kutoka tovuti ya Microsoft. Na kabla hujamlipa mtu: laptop nyingi zilizouzwa na Windows 8 au zaidi zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama. Mafundi wanaweka toleo la Pro kwenye mashine yenye leseni ya toleo la Home, inagoma, wanakimbilia kreki. Weka Home, unganisha intaneti, mara nyingi inajiamilisha yenyewe. Ikikataa, utavumilia maandishi pale kona ya chini na kukosa kubadili picha ya ukutani. Masasisho ya usalama yanaendelea kuja. Word na Excel? Kuna LibreOffice, inafanya kazi hizohizo bure.

Niliwahi kuletewa laptop ya mwanafunzi aliyepakua kreki usiku wa kuamkia kukabidhi ripoti yake. Kila faili lilikuwa limeongezewa herufi za ajabu mwishoni, na kila folda ina _readme.txt inayodai fidia ili mafaili yafunguliwe: dola 980, au nusu yake akilipa ndani ya saa 72. Fleshi ya akiba ilikuwa imechomekwa palepale, nayo ikaliwa. Aliyemwelekeza? Alimwambia azime antivairasi kwanza.